Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Sampuli hazikukutwa na kirusi" ni nusu ya jibu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: MAJIBU YA WIZARA KWA WAANDISHI WA HABARI WAKATI WA MLIPUKO WA UGONJWA

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa taarifa kwamba mkoani Kagera, katika wilaya za Biharamulo na Muleba, kulikuwa na watu 9 waliohisiwa kuugua Marburg, ugonjwa wa kirusi unaoleta homa kali na kutokwa damu, na 8 kati yao walikuwa wamefariki. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikukutwa na kirusi hicho. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, hesabu ilikuwa imefika watu 10: wawili walithibitika maabara, wanane waliingizwa kwenye hesabu kwa kuwa uwezekano ulikuwa mkubwa kwamba waliugua, ingawa maabara haikuthibitisha. Wote 10 walifariki.

Hatusemi Wizara ilidanganya. Inawezekana kabisa kwamba kila sampuli iliyokuwa imepimwa hadi siku ile haikuwa na kirusi. Tunachosema ni kwamba jibu lililowafikia wananchi liliishia kwenye neno "hazikukutwa", na neno hilo halina maana mpaka liambatane na mambo matano: sampuli ngapi, za nani, zilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa, zilipimwa maabara ipi, na zitarudiwa lini.

Tuanze na siku ya ugonjwa, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza. Katika siku tatu za mwanzo za dalili, kirusi cha Marburg kinaweza kuwa kichache kwenye damu kiasi kwamba kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kisikione. Ndiyo maana mgonjwa aliyechukuliwa damu kabla ya saa 72 za dalili haondolewi kwenye orodha ya wahisiwa kwa majibu ya kwanza. Hubaki ametengwa na kuchukuliwa damu tena. Kisha kuna sampuli yenyewe. Kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau, chenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, kinafaa. Cha kijani kina heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, lakini heparini huvuruga kipimo cha PCR. Sampuli iliyokosa ubaridi njiani kutoka Kagera hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, inaweza kutoa majibu ambayo hayamhusu tena mgonjwa. Na aliyezikwa kabla ya kuchukuliwa sampuli hana majibu kabisa, si mazuri wala mabaya. Huyo huingizwa kwenye hesabu kwa kuangalia dalili zake na watu aliotangamana nao. Ndivyo ilivyotokea kwamba, kati ya watu 10 wa Kagera, wanane hawakuwa na uthibitisho wa maabara.

Kwa hiyo mwandishi anapouliza, "Je, kuna Marburg Biharamulo?", jibu linaloshika lingekuwa la namna hii: "Tumepima sampuli (idadi): za watu walio hai ni (idadi), za marehemu ni (idadi). Hazikukutwa na kirusi. Baadhi zilichukuliwa mapema mno, tunazirudia kesho. Waliofariki na kuzikwa bila sampuli hatuna namna ya kuwapima, ila tunafuatilia waliowahudumia. Tutarudi kwenu Ijumaa saa nne asubuhi." Jibu hilo halimtishi mtu, na matokeo yakibadilika baada ya siku sita, Waziri hahitaji kulikana.

Wizara hii inajua kufanya hivyo. Julai 2022, ugonjwa usiojulikana ulipowapata watu mkoani Lindi, Mganga Mkuu wa Serikali alitoka akasema wazi: wagonjwa 13, vifo 3, ugonjwa bado haujajulikana, na vipimo vimeonyesha kwamba si Ebola, si Marburg, si UVIKO-19. Siku chache baadaye jina likatangazwa: leptospirosisi, na likatangazwa pamoja na jina ambalo mkulima wa Ruangwa, mkoani humo, angelielewa, homa ya mgunda. Machi 2023, Bukoba Vijijini, ikawa vilevile. Machi 16 Wizara ilisema kuna watu 7 wenye homa, kutapika na kutokwa damu, 5 wamefariki, sampuli zimechukuliwa. Machi 21 ikarudi: ni Marburg, waliougua ni 8, waliofariki 5, na watu 161 waliotangamana nao wanafuatiliwa. Wananchi waliambiwa "hatujajua" kwanza, wakaambiwa "tumejua" baadaye, na mlipuko ule ulizimwa, ukatangazwa kuisha Juni 2 mwaka ule. Hofu iliyokuwepo haikumfanya mtu yeyote asisikilize.

Mwaka 2020 tulipita njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa Machi 16. Mwishoni mwa Aprili takwimu za Tanzania Bara zikakoma, na kwa zaidi ya mwaka jedwali la WHO likabaki na namba zilezile: wagonjwa 509, vifo 21. Mei 3 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zimekutwa na virusi. Maabara inapotiliwa shaka, swali la kitaalamu ni moja: sampuli hizo zilipita kwenye udhibiti wa ubora upi, na kipimo cha marudio kilionyesha nini? Lilihitaji jibu kutoka kwa mtaalamu wa maabara, mwenye karatasi mkononi, mbele ya waandishi.

Takwimu zilipokosekana nyumbani, majirani walianza kututangazia. Kenya ilipima madereva wa malori kwenye mpaka wa Namanga na kutaja idadi ya waliokutwa na virusi kwenye taarifa zake za kila siku; Mei 16, 2020 ikafunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo. Dereva aliyekwama Namanga aliujua mwenendo wa ugonjwa kupitia redio ya nchi nyingine. Kamati ya wataalamu aliyoiunda Rais Samia mwaka 2021 ilishauri takwimu zitolewe tena, na ushauri huo ulikuwa sahihi.

Lakini kutoa takwimu peke yake hakutoshi, Mheshimiwa. Namba ya wagonjwa isiyo na namba ya waliopimwa inapotosha hata kama ni ya kweli. Wagonjwa 100 kati ya watu 1,000 waliopimwa ni asilimia 10. Wagonjwa 100 kati ya 400 ni asilimia 25, na hapo maana yake ni kwamba wengi hawajafikiwa na vipimo. Mwaka 2020 WHO iliweka kipimo cha chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili mfululizo kabla ya nchi kulegeza masharti. Bila namba ya chini ya mstari, yaani ya waliopimwa, mwandishi hawezi hata kuuliza kama tumefika hapo. Na kila namba ina tarehe tatu: siku mtu alipoanza kuumwa, siku alipochukuliwa sampuli, siku majibu yalipotoka. Wizara ikitangaza "wapya leo" kwa tarehe ya majibu, rundo la sampuli zilizokaa maabara wiki nzima litaonekana kama mlipuko wa siku moja, na Jumatatu ya baada ya mapumziko itaonekana mbaya kuliko Jumapili bila sababu yoyote ya kitabibu. Mchoro wa mwenendo wa wagonjwa uchorwe kwa tarehe ya kuanza dalili. Namba ya leo itajwe, lakini ielezwe ni ya nini.

Vivyo hivyo kwa waliotangamana na wagonjwa. Namba kama 161 inapendeza kusikika, ila swali la kazi ni wangapi kati yao walionekana kwa macho jana, wakapimwa joto, wakaulizwa dalili. Kila mmoja hufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu huo ndio muda mrefu zaidi ambao kirusi cha Marburg hukaa mwilini kabla ya dalili. Swali la pili ni zito zaidi: mgonjwa mpya wa leo alikuwa tayari kwenye orodha? Kama alikuwemo, wafuatiliaji wako mbele ya ugonjwa. Kama hakuwemo, kuna mnyororo wa maambukizi mahali fulani ambao hakuna anayeujua. Tunaomba namba hiyo itajwe kila siku bila kusubiri kuulizwa. Inaeleza hali ya mlipuko kuliko idadi ya wagonjwa.

Kuhusu lugha. "Majibu yake ni hasi" ni sentensi inayowaponza wengi. Sikio la Kiswahili husikia "hasi" kama jambo baya na "chanya" kama jambo zuri, na kwenye kipimo cha ugonjwa maana inageuka. Semeni "hajakutwa na kirusi" au "amekutwa na kirusi". "Kutengwa" kwa mgonjwa na "karantini" kwa mtu asiye na dalili aliyetangamana naye visichanganywe, maana anayechukuliwa kwa karantini bila kuelezwa hudhani tayari ni mgonjwa, na jirani yake atajificha. Na "hali ni shwari, wananchi msiwe na taharuki" haijibu swali lolote. Mama anayeuguza mtoto Muleba anataka kujua kama amguse kwa mikono mitupu.

Sasa suala la nani anajibu. Mwandishi wa redio ya jamii mkoani Kagera akimpigia mganga mkuu wa wilaya, mara nyingi husikia: "Mimi si msemaji." Akimpigia wa mkoa, anaelekezwa Dodoma. Dodoma, simu haipokelewi mpaka tamko litoke. Wakati huohuo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 ziliweka katazo la kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Ukimtaka mwandishi apate idhini, lazima awepo wa kumjibu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kujibu maombi; kwa Marburg, siku 30 ni zaidi ya muda mzima wa ufuatiliaji wa mtu mmoja.

Tunapendekeza Waziri asaini mapema, kabla ya mlipuko wowote, waraka wa ukurasa mmoja unaomruhusu Mganga Mkuu wa Mkoa kusema mambo yafuatayo bila kuomba ruhusa: dalili za kuangalia, kituo cha matibabu kilipo, namba ya simu ya bure 199, idadi ya wahisiwa waliolazwa siku hiyo mkoani kwake, na jinsi familia itakavyosaidiwa kuzika kwa usalama. Jina la ugonjwa na vifo vilivyothibitika vibaki kwa Wizara. Mgawanyo huu unawapa waandishi wa mkoani kitu cha kweli cha kusema jioni ileile, kabla ya WhatsApp kuwasemea.

Na mkutano wenyewe. Tamko liwafikie waandishi nusu saa kabla, kwa Kiswahili, likiwa na jedwali kwenye faili linaloweza kufunguliwa na kuhesabiwa. Picha ya karatasi iliyopigwa muhuri haisaidii. Salamu na shukrani kwa viongozi zifupishwe. Tumeona mikutano ya saa nzima ambayo maswali yalipewa dakika kumi za mwisho. Mezani wakae watatu: Waziri kwa maamuzi, Mganga Mkuu wa Serikali kwa tiba, na mkuu wa maabara kwa vipimo. Kila mwandishi aruhusiwe swali moja na la nyongeza moja, kwa sababu swali la nyongeza ndilo huonyesha kama la kwanza limejibiwa. Waandishi wa mikoani waunganishwe kwa simu na wapewe zamu ya kwanza, kwani mlipuko uko kwao. Swali lisilo na jibu liandikwe, lisomwe mwanzoni mwa mkutano unaofuata, lijibiwe. Namba iliyokosewa isahihishwe vivyo hivyo, mdomoni, mbele ya kamera zilezile. Kubadilisha tovuti kimyakimya huwafanya watu washuku hata namba zilizo sahihi.

Mipaka ipo na tunaiheshimu. Umri, kazi na kijiji cha mgonjwa vikitajwa pamoja, jirani anamtambua bila jina. Wilaya inatosha, na kata itajwe pale tu wananchi wanapohitaji kuchukua hatua.

Ombi letu la kwanza, Mheshimiwa, linahusu Januari ile ya 2025. Tunaomba Wizara itoe jedwali la sampuli zote zilizopimwa kati ya taarifa ya kwanza na Januari 20, bila jina la mtu: tarehe ya kuanza dalili, tarehe ya kuchukuliwa, aina ya sampuli, maabara iliyopima, majibu, na kama ilirudiwa. Ombi la pili ni waraka ule wa ukurasa mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa, ukiwa umesainiwa na kubandikwa mahali ambapo mwandishi wa Bukoba anaweza kuuonyesha kwa kidole anapoambiwa, "Mimi si msemaji."

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Waandishi wa habari za afya