Waume nao waimbiwe

Mhariri,

Kila Jumamosi nasoma ukurasa wenu wa mashairi kabla sijawasha jiko la chapati hapa Walukuba, Jinja. Mapenzi hayakosekani humo, ila karibu yote ni wanaume wanaowasifu wanawake: ua, tausi, lulu, mwezi. Sisi wanawake tukitokea, tunaonya vijana au tunamlilia aliyetutenda. Mke anayemwambia mume wake wa ndoa kwamba anampenda, bado sijamsoma. Naomba mumpe nafasi.

Mume wangu ni dereva wa lori la makontena, Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine hupitiliza mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, akaingia Juba. Hukaa njiani wiki mbili, hata tatu. Zamani nilikuwa namtumia yale maneno matamu yanayosambazwa kwenye simu, mpaka siku moja akaniambia kwamba utingo wake ametumiwa yaleyale na mchumba wake, neno kwa neno. Niliumia. Usiku ule nilichukua daftari la mwanangu, nikahesabu mizani kwa vidole:

Umeshapita Malaba, Tororo umeshafika,
Moyo wangu umeshiba, sauti ikisikika,
Sina kubwa la akiba, ila chai na mkeka,
Baba Musa wa mahaba, njoo kwako pumzika.

Alinipigia, akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimsomee kwa sauti. Siku hizi kila safari namwandikia ubeti, naye anazinakili kwenye kijitabu anachokiweka pamoja na pasipoti yake.

Wapo wanaouliza kwa nini Kiswahili, na mume ni Msoga. Mimi nililelewa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi Mwacholi, mama Mteso, na lugha waliyopendania ilikuwa hii. Najua kwa wengi hapa Uganda Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani usiku: lala chini, toa kitambulisho. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na zaidi, bado hushtuka akikisikia nyuma yake. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Nimefurahi sana. Lakini mwanangu atakipenda vipi kama hajawahi kusikia mtu akibembelezwa kwacho?

Wengine wanasema mke kumwimbia mume ni kukosa haya. Nampigia magoti Baba Musa nikimwamkia, kama desturi ya kwao, na shairi halijanizuia. Tena mwanamke kutunga shairi la ndoa si jambo geni. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, akimfunza binti yake namna ya kuishi na mume. Namheshimu mno. Ila yeye alisema na binti. Mimi nataka kusema na mume mwenyewe.

Pamoja na barua hii natuma beti nyingine tano. Kama kuna kina kilichonishinda, nielezeni ni wapi nami nitakirekebisha. Ila nawaomba sana, msiliondoe jina la Baba Musa mkaweka "kipenzi". Nimemwandikia yeye.

Mama Musa,
Walukuba, Jinja