Barua kwa Mama Neema

Bukavu, Kadutu

Mama Neema mpenzi,

Yambo sana. Hapa tupo, mvua haituachi, njia ya kupanda Kadutu imekuwa tope tupu, na bei ya samaki wadogo sambaza hata kuuliza naogopa. Watoto wazima. Baba Baraka anakusalimu. Anasema bado hajasahau ile redio yake uliyohama nayo Lubumbashi.

Umeniuliza kama ni kweli nimeingia Karismatiki, kile kikundi cha sala cha Wakatoliki, na kama siku hizi naanguka chini kwenye sala. Kuingia nimeingia. Kuanguka bado.

Aliyenivuta ni jirani wa shirika letu la parokia. Alhamisi, tukisha funga meza sokoni, tunapanda pamoja parokiani. Baba Baraka alinuna wiki nzima: eti mambo ya Wapentekoste yameingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Nikampelekea berje wetu, kiongozi wa kikundi, swali hilo, maana ni mwalimu mstaafu na anapenda kuulizwa. Akanieleza kwamba kwa Wakatoliki ilianza Februari 1967, wanafunzi na walimu wachache wa chuo kikuu cha Duquesne, kule Pittsburgh, Marekani, walipokwenda mafungo. Lakini wengine kati yao walikuwa wameshasali na Waprotestanti kabla ya hapo, kwa hiyo bwana wangu hakukosea sana (usimwambie). Kardinali Suenens wa Ubelgiji ndiye aliyewashika mkono, na kwa Pentekoste ya 1975 Papa Paulo VI akawapokea Roma. Baba Baraka aliposikia Papa, akanyamaza, akaomba chai.

Semina ya kutuandaa kuwekewa mikono ilikuwa wiki saba. Siku ya kuwekewa mikono tulipiga magoti mstari mmoja. Wa kushoto kwangu alianguka taratibu kama nguo inayotoka kwenye kamba, wamama wakamfunika miguu na kitenge. Wa kulia alikuwa ananena kwa lugha, machozi yanamtiririka. Mimi hapo katikati, mkono wa berje kichwani unanukia sabuni ya mawese, magoti yananiuma, nawaza maharagwe niliyoyaacha kwenye mbabula. Hakuna kingine kilichonipata. Nyumbani nikakuta maharagwe yameungua.

Nilitaka kuacha, nakuambia ukweli. Berje akaniambia karama si homa, haipimwi kwa joto. Nikaendelea kwenda, labda kwa sababu ya nyimbo tu. Wewe unajua ninavyopenda ngoma.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Mwezi uliopita binti mmoja aliletwa, homa haimtoki, macho meupe. Tukiwa katikati ya sala mama mmoja akasimama, akasema amepewa neno: ugonjwa umetoka ndani ya familia, kwa mwanamke wa upande wa baba. Mama Neema, shangazi wa binti alikuwa ameketi benchi ya pili kutoka kwangu! Watu wote waligeuza shingo. Wewe unajua neno kama hilo linafanya nini katika mji huu.

Berje aliinua mkono, akakata sala pale pale. Akafungua Wakorintho wa kwanza, sura ya 14, pale Paulo anaposema manabii waseme wawili au watatu, na wengine wapime. Akasema: neno hili hatukulipima, na hatulipokei. Kisha akatuma vijana wawili wampeleke binti kwenye kituo cha afya usiku ule ule. Ilikuwa malaria na damu imepungua. Sasa anatembea, amerudi shule.

Yule mama wa neno wamemwambia anyamaze kwa muda. Yeye anasema wanamzimisha Roho. Mimi nasema afadhali azimwe kuliko nyumba ya watu kuwaka moto, ila hilo nilimwambia jirani tu.

Shangazi hajarudi kikundini. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua mlango, na redio nilikuwa naisikia ndani. Mara ya pili alinipa chai, akakaa ananipa mgongo, anachambua majani ya sombe, hakusema kitu mpaka nilipoaga. Hapo akasema: «Wewe pia uligeuka kuniangalia.»

Ni kweli, niligeuka.

Jumapili nitapita tena kwake nikitoka misa, na sambaza kidogo, hata kwa bei hiyo. Niandikie. Na redio irudi.

Mama Baraka