Hawakukimbia makwao, walifukuzwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelinunua tangu nikiwa mwalimu mpya, na sasa nimestaafu bila kuwahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya akina mama wanaolala stendi na watoto wao ndiyo imenitoa kimya. Mwandishi ameeleza vizuri maboksi wanayotandika, mvua na mgambo. Kisha akaandika kwamba wanawake hao "wamekimbia makwao". Nani kamwambia?

Dada yangu wa tumbo moja alilala siku nne kwenye kibaraza cha fundi viatu, hapa hapa Shinyanga, na alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Matofali walifyatua wenyewe, yeye na mumewe, na tanuru alilikesha yeye kwa sababu mume alikuwa na zamu za usiku. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja tukawapokea kama wafiwa wenzetu. Siku ya kuanua matanga kikakaa kikao cha ukoo. Dada akaletewa karatasi na kalamu, akaambiwa ni ya mahudhurio. Akasaini. Mtu aliyezika juzi hasomi karatasi, Mhariri. Kumbe ule ulikuwa muhtasari wa kikao, unaompendekeza mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Ukapelekwa mahakamani, ukagongwa mhuri. Haikupita miezi miwili, dada akarudi kutoka kuuza maandazi akakuta kufuli jipya mlangoni, vyombo viko nje, godoro limelowa, na mtoto wa jirani anamwambia nyumba imeuzwa. Alipokwenda kulalamika, mtumishi wa umma aliyelipwa kumsikiliza akamwuliza, "Mama, kwani kwenu hakuna kaka?" Mimi nilikuwepo siku ile ya kikao. Nilikaa mkekani, nikaona karatasi inapita, nikanyamaza, kwa kuwa niliona si vizuri kuwahoji wakwe msibani.

Wengine watasema huo ni ukatili wa familia moja. Si kweli. Mila za urithi zilizoandikwa na Serikali yenyewe mwaka 1963, ambazo hata mahakama huzitumia, zinasema mjane hana fungu katika urithi; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka sita. Amtunze vipi? Wajane wawili wa mkoa huu huu wa Shinyanga, mafundi cherehani wote, walipofukuzwa na wakwe zao walizipinga mila hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakubali kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa dosari ya makaratasi. Wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaitaka Tanzania ibadilishe sheria. Na hii ndiyo nchi ambayo mwaka 1983 Mahakama yake ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa! Yaani ukiachika, jasho lako linahesabiwa. Ukifiwa, unaambiwa ungoje mtoto akue.

Na akitafuta chumba cha kupanga, mnajua anachokutana nacho? Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Hata dada alipochangiwa na akina mama wa kikundi chake, wenye nyumba wawili walimkataa kwa maelezo kwamba mwanamke asiye na mume "ataleta wanaume". Mwanamume mseja akija na begi moja hupewa ufunguo siku hiyo hiyo. Hili nalo liandikeni.

Ombi langu kwa mahakama za mwanzo ni moja. Muhtasari wa kikao cha ukoo usipokelewe mpaka mjane mwenyewe asimame mbele ya hakimu, shemeji wakiwa nje na mlango umefungwa, asomewe kila mstari kwa sauti, kwa Kisukuma ikibidi, kisha aulizwe usiku wa jana amelala nyumba gani. Jibu liandikwe kwenye jalada, na nyumba hiyo isiuzwe bila yeye kurudi mbele ya hakimu huyo na kukubali. Ni kazi ya nusu saa.

Nanyi mrudisheni mwandishi wenu stendi. Amwulize kila mama nyumba aliyotoka iko mtaa gani, nani aliijenga, na leo anaishi nani humo. Kisha achapishe majibu yao.

Mwalimu mstaafu,
Shinyanga