Nyayo House: wekeni brashi chini kwanza

Mhariri,

Kila Februari inapokaribia, mwezi ambao serikali ya muungano wa NARC ilivifungua kwa umma mwaka 2003 vyumba vya mateso vilivyo chini ya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi ambako utawala wa Moi uliwatesa wapinzani wake, ahadi ya kuvigeuza makumbusho husikika tena. Hatuna ugomvi na ahadi hiyo. Tunachohofia ni mwanakandarasi mwenye mikebe ya rangi na tarehe ya uzinduzi.

Kuta zile ni ushahidi. Manusura wameeleza mahakamani walivyofungiwa gizani wakiwa uchi, wakinyimwa chakula, seli zikimiminiwa maji. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru walalamishi 21 walipwe fidia, na kesi nyingine zikafuata. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupiga picha, si kusafisha. Zima taa zote, ushike tochi karibu sambamba na ukuta, kwa nyuzi 10 hadi 15 hivi: mkwaruzo usioonekana kwa taa ya darini utatoa kivuli. Kila picha ipishane na jirani yake kwa theluthi mbili ili kompyuta iweze kuziunganisha, na ndani yake kuwe na rula na kadi ya rangi. Baada ya hapo, kwenye kona isiyotazamwa sana, fungua kidirisha cha sentimita 2 kwa 2 kwa kisu cha upasuaji, tabaka moja baada ya jingine, kujua ukuta ulikuwa na rangi gani mwaka 1986 na umepakwa mara ngapi tangu hapo. Bila hatua hii hakuna awezaye kusema ni kipi cha asili na ni kipi cha juzi.

Halafu kuna unyevu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta ulio chini ya ardhi hunyonya maji kutoka kwenye udongo na kwenye mabomba yanayovuja, nayo hubeba chumvi. Ukiupaka rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya rangi, huvimba na kuisukuma plasta mpaka ikabanduka, pamoja na chochote kilichochorwa juu yake. Miaka miwili mitatu baadaye utaona mabaka, na fundi ataitwa kupiga plasta mpya ya saruji. Hapo ushahidi umeisha. Dawa ni kutafuta chanzo kwanza: mabomba, mifereji, mteremko wa lami nje. Pima unyevu wa hewa mwaka mzima, ili masika na vuli zote ziingie katika hesabu. Ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda, kuvu haikosi.

Feni nazo si jibu la haraka. Kuingiza hewa ya nje siku ya mvua kwenye chumba chenye kuta baridi ni kuleta maji ndani, kwa kuwa mvuke hugeuka matone pale pale ukutani. Mtu mzima aliyetulia hutoa takriban gramu 50 za mvuke kwa saa, hivyo wageni 20 ni lita nzima ya maji hewani kila saa. Waingie sita au wanane kwa zamu, kisha chumba kipumzike. Wakuu wa itifaki hawatapenda hesabu hii siku ya uzinduzi, lakini ukuta hausomi ratiba.

Giza lenyewe ni sehemu ya historia, lisifukuzwe kwa taa za dukani. Taa hafifu usawa wa kifundo cha mguu zinatosha, pamoja na taa za dharura na njia ya pili ya kutokea. Sanamu za plastiki za askari na mfungwa, vilio vya kurekodiwa, maji ya maonyesho, vyote hivyo tunavikataa. Huko Buenos Aires, jengo la ESMA, chuo cha jeshi la majini lililotumiwa na wanajeshi kutesa watu, liliachwa jinsi lilivyo kwa kuwa lilikuwa ushahidi wa kesi. Mabango ya maelezo yamesimama peke yake bila kugusa kuta. Mwaka 2023 UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia.

Kuna kosa jingine ambalo halizungumzwi: kudhani hadithi nzima iko chini. Mahabusu walipandishwa kwa lifti, macho yamefungwa, hadi orofa za juu kuhojiwa, kisha wakarudishwa. Makumbusho yasiyo na lifti na walau chumba kimoja cha juu yatasimulia nusu. Jengo bado ni ofisi ya serikali, watu wamepanga foleni ya pasipoti, kwa hiyo lazima uwepo mlango wa wageni usiopitia ukaguzi wa uhamiaji. Manusura asiulizwe kitambulisho na afisa aliyevaa sare ili aone seli yake.

Na manusura wanazeeka. Aliyekamatwa mwaka 1986 kwa tuhuma za kuwa katika Mwakenya, vuguvugu la siri lililopinga serikali, akiwa na miaka 25 sasa amepita 60. Sauti zao zirekodiwe kabla ya tofali kuguswa, kwa faili zisizobanwa, nakala tatu, mojawapo nje ya Nairobi, na kila mmoja aamue kwa maandishi kipi kitolewe na kipi kifungwe. Katika kisiwa cha Robben, gereza la zamani la Afrika Kusini, wafungwa wa zamani ndio wameongoza wageni. Hapa pia inawezekana, mradi walipwe na wasilazimishwe kuingia seli kila siku.

Majalada ya kesi za washukiwa wa Mwakenya, nyingi zikiwa zilisikizwa jioni saa za kazi zikiwa zimekwisha, yahamishiwe Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Miaka 30 ya kuzifunga nyaraka za serikali imeshapita.

Kenya si mgeni wa kazi hii. Gereza la Kapenguria, walikofungwa Kenyatta na wenzake, lilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1993, lilieleza dhuluma za mkoloni. Za serikali iliyokuwa madarakani ziliachwa zisubiri.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza eneo kuwa kumbukumbu ya kitaifa inayolindwa kisheria kupitia gazeti rasmi la serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa. Tangazo hilo litaje seli, korido, lifti na orofa za juu, na lichapishwe kabla ya zabuni, si baada yake.

Wahifadhi wa majengo,
Nairobi