Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Fedha za Usalama wa Anga Zitoke kwa Wakati

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwanga, Kigoma, ambako siku ndege isipotua, mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili hubakiwa na barabara, au reli ya zaidi ya kilomita 1,200.

Nimefuatilia kwa hofu yaliyotokea Marekani. Kuanzia Desemba 22, 2018, wanasiasa waliposhindwa kukubaliana kuhusu bajeti na sehemu ya serikali ikafungwa, waongoza ndege, yaani wanaowaelekeza marubani kutoka ardhini, walifanya kazi siku 35 bila mshahara, na Januari 25, 2019, walipokosekana wachache tu kazini, safari za kuingia uwanja wa LaGuardia, New York, zikasimamishwa kwa muda. Mwaka 2025 mvutano kama huo ulidumu siku 43, hata safari zikaamriwa kupunguzwa katika viwanja 40. Lililonigusa zaidi ni chuo cha waongoza ndege cha Oklahoma City, ambacho mafunzo yake yalisimama katika mgogoro ule wa kwanza. Malimbikizo ya mshahara yanaweza kulipwa baadaye, lakini mwongoza ndege huchukua miaka kuiva, na pengo la darasa lililocheleweshwa huja kuonekana mnarani wakati waliolisababisha wamekwisha kusahau.

Kwetu serikali haifungwi namna hiyo. Wasiwasi wangu uko kati ya fedha ambazo Bunge huidhinisha kila Juni na zile ambazo Hazina huzitoa, pamoja na tarehe zinapotoka. Fedha ikichelewa, ni rahisi mno kuahirisha mafunzo ya kujinoa, vipuri vya redio, vifaa vya hali ya hewa au matengenezo ya gari la zimamoto, kwa sababu ndege itatua siku hiyo kama kawaida na abiria hatajua kilichopungua.

Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki, na wavuvi ndio waliowahi kuifikia. Sidai kwamba bajeti ndiyo iliyoiangusha. Hata hivyo, boti yenye mafuta na wazamiaji waliozoezwa huandaliwa kabla ya ajali, na sisi pia tunaishi kando ya ziwa.

Naomba, Mheshimiwa, ada zinazotozwa kwa kuongoza ndege zigharamie kwanza huduma hiyo. Fedha za mafunzo na vipuri zitoke kati ya Julai na Septemba, mwaka wa fedha unapoanza. Na kila robo mwaka Bunge lielezwe, kwa kila uwanja, Kigoma na Tabora vikiwemo, kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichofika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Mwanga, Kigoma