Kwa mpwa wangu anayechagua masomo ya A-level

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia unasitasita kuchukua Lugha ya Kiingereza katika A-level, ngazi ya mwisho ya sekondari hapa Uingereza, kwa sababu unadhani ni GCSE ile ile, mtihani wa ngazi iliyotangulia, imerefushwa tu kwa miaka miwili. Sivyo. Wala si fasihi, ambayo ni somo jingine. GCSE ilikupima kama unasoma na kuandika vizuri. A-level itakuuliza kwa nini watu husema kama wasemavyo. Hii ni isimu hasa, yaani sayansi ya lugha: fonetiki, sarufi, lahaja, namna mtoto anavyoipata lugha, na jinsi Kiingereza kilivyobadilika tangu Caxton alipofungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476.

Utakutana na William Labov, mwanaisimu wa Marekani. Mwaka 1962 aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York: la matajiri, la watu wa kati na la bei nafuu. Alikwishajua ni bidhaa gani iko ghorofa ya nne, akawauliza wauzaji iko wapi ili wamjibu “fourth floor”. Kisha akajifanya hakusikia, wakarudia kwa makini zaidi. Akisogea pembeni, anaandika. Alichokuwa anakiwinda ni sauti moja tu, r. Wauzaji wa duka la matajiri ndio waliitamka zaidi, wa bei nafuu kidogo kabisa. Tabaka la kijamii likasikika ndani ya konsonanti moja! Mimi utafiti huu bado unanisisimua.

Lakini usimeze kila nadharia. Mwaka 1975 mwanaisimu Robin Lakoff alieleza sifa za usemi wa wanawake akitegemea zaidi aliyoyaona mwenyewe. Mwaka 1980 watafiti O'Barr na Atkins, waliochunguza mashahidi mahakamani, walizikuta sifa hizo hizo hata kwa wanaume wasio na mamlaka. Anayekariri majina haya hafiki mbali. Anayeyapambanisha na data iliyo mbele yake ndiye anayepata alama.

Asilimia 20 ya alama hutoka kwenye mradi, na hapo ndipo ninapokuonea wivu. Ukifuata bodi ya mitihani ya AQA, sehemu yake moja ni uchunguzi wa maneno 2,000 juu ya data uliyoikusanya mwenyewe. Nyumbani kwenu Bibi anasema Kiswahili, mdogo wako anajibu kwa Kiingereza, na mama yako anahama lugha katikati ya sentensi akikasirika. Kwa nini pale na si pengine? Hilo tayari ni swali la utafiti. Muulize mwalimu mapema kama data ya lugha mbili inakubalika.

Halafu omba ruhusa ya kila mtu kabla ya kurekodi, Bibi akiwa wa kwanza. Rekodi kidogo tu, maana kuandika mazungumzo ya watu watatu, pamoja na pale wanaponyamaza kidogo na pale wanapokatizana, kunakula muda kuliko unavyofikiri.

Mjomba wako