Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi za Mikono za Nyumbani, Moshi

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Katibu ameshasoma kumbukumbu za mkutano uliopita na mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo fedha sitazigusa. Nitazungumzia kazi zenyewe. Kamati ilipopitia daftari la bidhaa zilizorudishwa iliona sababu moja ikijirudia, kuanzia kadi za mgomba hadi sabuni: maji. Karibu kila kilichorudi kilifungwa kikiwa hakijakauka, isipokuwa vitambaa vya rangi, ambavyo kosa lake lilikuwa kinyume, vilianikwa kabla ya wakati.

Hali ya hewa yetu tunaijua. Masika ni Machi hadi Mei, kisha Juni hadi Agosti mawingu yanakaa mlimani na baridi inashuka. Anayeishi Kibosho au Marangu hawezi kukausha kitu kwa siku zile zile anazokausha mtu wa Majengo au Pasua. Ratiba ya kazi tuliyowapa iliandikwa kana kwamba sote tuko mjini. Hilo ni kosa la kamati, si la wanachama.

Kadi za magome ya mgomba

Hii ndiyo kazi inayotutambulisha, na malighafi yake iko kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, bure, ingawa ng'ombe wa ndani naye anaidai. Tukumbushane kwamba tunachotaka ni yale magome makavu ya nje yanayoning'inia kwenye shina. Yakibanduliwa kwa mkono mgomba hauumii. Gome bichi la shina lililokatwa baada ya kuvuna mkungu mwachie ng'ombe. Ukilikausha kwa nguvu juani linajikunja na kubaki na utomvu unaotia madoa kwenye karatasi.

Kata gome vipande vya sentimita 25 hadi 30, futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa sana, kisha unyooshe kwa pasi ya moto wa kati isiyo na mvuke. Chini weka gazeti, lakini upande utakaoonekana ufunike kwa karatasi ya kaki, maana wino wa gazeti huhamia kwenye gome likipata joto na unyevu. Baada ya pasi, yabane chini ya mbao au vitabu vizito, wiki moja kiangazi na mbili masika. Watu wengi wanaishia kwenye pasi. Pasi inakausha juu tu. Maji yaliyo ndani ya vile vyumba vidogo vya gome yanatoka polepole, na kadi ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki yanatokea kama ukungu wa kijivu ndani ya siku chache.

Namna ya kujua kama limekauka: kunja pembe ya gome. Likivunjika kwa mlio, tayari. Likikunjika kimya, bado. Kipimo cha uhakika zaidi ni kutia vipande vitatu kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, kuufunga na kuuacha juani saa moja. Ukiona matone ndani ya mfuko, rudisha magome yote kwenye mbao, siyo hivyo vitatu peke yake.

Kwa kadi yenyewe, karatasi moja ya manila ya A4 inatoa kadi mbili: ikate katikati upate milimita 148 kwa 210, kisha kunja kila nusu iwe 148 kwa 105. Inaingia vizuri kwenye bahasha ya milimita 114 kwa 162. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyoisha wino kando ya rula mara mbili ili mstari wa mkunjo uzame; bila hivyo manila inapasuka mgongoni na kuonyesha nyuzi. Gundi nyeupe ipakwe kwa brashi, tabaka jembamba, kwenye gome na siyo kwenye manila. Kadi zinazopinda kama kigae zote zina kosa moja, gundi iliyozimuliwa kwa maji: manila inavimba upande mmoja, kisha inajikunja ikikauka. Zikishabandikwa, zilale chini ya uzito usiku kucha. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi, lakini wadudu wanaipenda na ukungu unaipenda zaidi. Kamati inapendekeza isitumike kabisa kwenye kadi za kuuza.

Jambo dogo la ladha, ambalo wengine mtalipinga: picha za mlima, twiga na mwanamke mwenye mtungi zimejaa kila duka la watalii. Magome yana rangi zake, kuanzia krimu hadi kahawia iliyokaribia nyeusi, na yakipangwa kwa mistari tu bila picha yanapendeza.

Sabuni ya mche

Kuhusu sabuni naomba tusikilizane vizuri, maana kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, si kitu cha kubahatisha. Wanachama kadhaa bado wanapima kwa vijiko na vikombe. Kijiko cha kostiki ya chenga hakina uzito sawa na kijiko cha ile ya punje, na iliyokaa wazi wiki mbili imeshanyonya maji hewani, kwa hiyo sehemu ya uzito wake si kostiki tena. Kila mafuta nayo yana kiwango chake: gramu 100 za mafuta ya nazi zinahitaji takribani gramu 18.3 za kostiki, mawese 14.1, alizeti 13.4. Anayebadilisha nazi kwa alizeti kwa sababu nazi imepanda bei, akaacha kostiki ile ile, anatengeneza sabuni inayochubua ngozi.

Mchanganyiko tutakaoufundisha mwaka ujao ni huu: mafuta ya nazi gramu 400, mawese 400, alizeti 200, kostiki gramu 148, maji gramu 300. Hesabu kamili ya kostiki ni kama gramu 156. Tumepunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki na hakuna kostiki inayobaki peke yake. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga, mahali penye hewa. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani. Sufuria za aluminiamu zikae mbali, kwani kostiki inazila na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au stenlesi. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Habari ya kukimbilia siki tuiache.

Maji ya kostiki na mafuta yaliyoyeyushwa vyote viwe vuguvugu, karibu nyuzi 40, ndipo vikutanishwe. Koroga hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji wa ulezi na tone likidondoka liache alama juu. Kukoroga kwa mkono kunaweza kuchukua dakika 40 au zaidi, na hapa ndipo watu wanapochoka na kumimina mapema. Siku ya pili wanakuta mafuta yanaelea juu na maji makali chini. Mimina kwenye kasha lililotandikwa karatasi ya nailoni, funika kwa blanketi, kata baada ya saa 24 hadi 48.

Halafu ngoja wiki nne, miche ikiwa imeachana kwa kidole kimoja, kivulini penye upepo. Masika fanya sita. Sabuni laini inayoyeyuka kwenye kisahani siku ya tatu haikuharibika kwenye kukoroga; iliuzwa mapema. Pima mche mmoja leo, andika, pima tena baada ya wiki. Uzito ukiwa bado unashuka, usifungashe, na usiandike gramu kwenye lebo kabla haujatulia, maana mteja atakayepima atakuona mwizi. Anayetaka kufika madukani aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa mkoani kwa barua ya utambulisho ya kupeleka TBS, shirika la viwango.

Vitambaa vya rangi

Fulana na mashati kutoka soko la mitumba la Memorial yamekuwa kitambaa cha bei nafuu cha kufungia rangi, lakini lebo nyingi zimekatwa. Chomoa uzi kwenye upindo uuchome. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta haishiki rangi yetu, rangi yote itaondoka na maji ya kuoshea. Kwa marekani mpya, kile kitambaa cheupe cha pamba, chemsha kwanza na sabuni uondoe wanga wa kiwandani, la sivyo rangi inakaa mabaka.

Kwa rangi za maji baridi, loweka kitambaa dakika 15 kwenye maji yenye soda ashi (kaboneti ya sodiamu), gramu 60 kwa lita, kikamue, kifunge, kisha mwagia rangi iliyokorogwa gramu 5 kwa mililita 250 za maji. Usitie soda ndani ya chupa ya rangi, itakufa ndani ya saa chache. Magadi ya kupikia makande hayafai kuwa mbadala: yamechanganyika kaboneti, baikaboneti na udongo, na kila bonge lina nguvu yake.

Sasa lile kosa la kuanika mapema. Rangi inashikamana na pamba ikiwa imelowa tu. Ikikauka, kazi imesimama, na kilichobaki kinatoka kwenye maji ya kwanza ya kufulia. Funga kitambaa kwenye nailoni saa 24. Pia inahitaji joto, zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo Julai kifurushi kilale jikoni karibu na mafiga, siyo barazani. Mizigo iliyochuja mwaka huu iliandaliwa karibu yote katika miezi ile ya baridi.

Wa batiki nina moja tu kwenu. Nta ikipoa inakaa juu ya kitambaa kama uji na rangi inapita chini yake. Ikiwa na joto la kutosha kitambaa kinaonekana kama kimelowa mafuta pande zote mbili. Geuza uangalie. Parafini mbili kwa nta ya nyuki moja hupunguza mipasuko. Anayeitaka mipasuko aongeze parafini.

Shanga za karatasi, mishumaa, mifuko

Kalenda za zamani bado ndizo karatasi bora, wino wake hautoki. Ukingo wa chini weka alama kila sentimita 2. Ukingo wa juu anza na sentimita 1, kisha kila 2, uunganishe kwa mistari ya kwenda na kurudi upate pembetatu ndefu. Viringisha kuanzia upande mpana juu ya kijiti cha meno, na gundi ianze baada ya mzunguko wa kwanza, vinginevyo shanga haitoki. Chomeka vijiti kwenye gunzi la muhindi zikauke usiku mzima kabla ya vanishi. Vanishi tabaka tatu nyembamba. Moja nene inabaki inanata na shanga zinashikana ndani ya pakiti, malalamiko tuliyoyapata mara nyingi mno.

Mishumaa: parafini kilo 1, asidi ya steariki gramu 100, iyeyushwe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Nta ikishika moto funika kwa mfuniko, usimwagie maji. Shimo linalotokea katikati ni kwa sababu nta inasinyaa ikipoa. Lichokoe baada ya saa moja na ujazie. Utambi uchovywe kwenye nta moto hadi viputo viishe, maana unyevu uliobaki ndio unaoufanya mshumaa utatarike na kuzima.

Mifuko ya kitenge haina la kusimuliwa sana. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mteja anataka mfuko unaobeba kilo tano za viazi. Fua kitenge kabla ya kukata, na mishikio ishonwe kwa mraba wenye msalaba ndani.

Mapendekezo ya kamati

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, kila bidhaa iandikwe nyuma tarehe ya kutengenezwa, na mkaguzi asipokee sabuni wala kadi iliyo chini ya muda tuliotaja. Pili, ratiba ya kukausha iwe mbili, ya mjini na ya mlimani, na wa mlimani wasidaiwe faini ya kuchelewa miezi ya Aprili hadi Agosti.

Waliokuja na mizani zao, tutazipima baada ya chai, meza iliyo karibu na dirisha. Tutaweka jagi tupu, tusome, tutie lita moja ya maji, tusome tena. Maji hayo ni gramu 1,000; mizani ikikosea hapo kwa zaidi ya gramu 10, mwenyewe abadilishe betri kwanza, na ikiendelea hivyo aje aandikishe jina kwa katibu, kwa kuwa kamati inatafuta bei ya kununua kwa pamoja.